Sungura Kuondoka Mlimani: Historia Fupi ya Mchezo wa Splash Mountain na Kilio cha Wapenzi Wake

Utangulizi

Tarehe 22 Januari 2023, katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom iliyoko jimbo la Florida, Marekani, watu walipanga foleni kwa saa kadhaa ili wapande mtumbwi kwa mara ya mwisho. Mtumbwi huo ulichongwa mfano wa gogo. Ulielea taratibu katika mfereji, ukapita mbele ya vinyago vya wanyama vilivyoimba na kucheza kwa nguvu za mashine, kisha ukaporomoka kutoka kimo cha takriban mita 16 na kuwalowesha abiria wake. Baadhi ya waliokuwapo walitokwa na machozi. Siku chache baadaye mitungi na mifuko ya maji yaliyodaiwa kutekwa katika mfereji huo ilitangazwa kuuzwa kwenye intaneti.

Mchezo huo uliitwa Splash Mountain. Uongozi wa kampuni ya Disney ulikuwa umeamua kuuondolea hadithi yake na kuuvika hadithi nyingine. Msomaji wa jarida letu ana haki ya kuuliza: idara inayofundisha Kiswahili ina nini na foleni ya Florida? Jibu letu ni fupi. Aliyekuwa akiondolewa katika mlima ule ni Sungura. Ni jamaa wa Sungura wa hadithi za Waswahili, wa Wakayima wa Waganda, wa Bakame wa Wanyarwanda na wa Kalulu wa watu wa Malawi na Zambia. Alivushwa bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, naye akaishi ughaibuni kwa jina la Brer Rabbit.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Sungura alivyofika katika mlima ule, kwa nini aliondolewa, na wapenzi wa mchezo walilipokeaje jambo hilo. Tutatumia istilahi tatu ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anazijua, yaani fanani, hadithi na hadhira. Tunaamini kwamba ugomvi uliotokea utaeleweka vizuri zaidi tukiuliza, katika kila hatua, ni kipi kati ya vitatu hivi kilichoondolewa.

Kutoka Afrika hadi Georgia

Watu wengi walioletwa kwa nguvu katika majimbo ya Georgia na South Carolina walitoka Senegambia, Sierra Leone na maeneo ya Kongo na Angola. Huko kote kulikuwa na hadithi za mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Kwa Wawolofu wa Senegali, kwa mfano, mhusika huyo ni Leuk, naye ni sungura. Watumwa hawakuruhusiwa kubeba mali, lakini hadithi haina uzito wala haionekani kifuani mwa mtu. Iliwafuata mashambani, na usiku baada ya kazi ikasimuliwa.

Kuna visa viwili ambavyo msomaji wa Afrika Mashariki atavitambua mara moja. Cha kwanza ni cha kinyago cha lami. Mbweha anatengeneza kinyago kwa lami na kukiweka njiani. Sungura anakisalimu, hakijibu, anakipiga kofi, ananasa mkono, kisha mwingine, mpaka ananasa mwili mzima. Kwetu sisi kisa hiki husimuliwa kuhusu kisima. Wanyama walichimba kisima wakati wa kiangazi, Sungura akakataa kuchimba lakini akawa anakunywa kwa hila, hadi Kobe alipojipaka ulimbo mgongoni na kumnasa. Cha pili ni cha kichaka cha miiba. Sungura aliyekamatwa anamwomba Mbweha amfanye lolote, ila asimtupe miibani. Mbweha anamtupa huko, na Sungura anatoka akicheka, kwani alizaliwa miibani. Sisi tunamjua kobe anayewasihi waliomkamata wasimtupe majini.

Kwa mtumwa, hadithi hizi hazikuwa mchezo mtupu. Simba, Mbweha na Dubu walikuwa na nguvu zote, naye Sungura hakuwa na chochote ila ulimi na akili. Aliyesikiliza alijua Sungura ni nani na Mbweha ni nani, bila ya fanani kulazimika kutaja jina la bwana wake.

Joel Chandler Harris alikuwa Mmarekani mweupe aliyezaliwa mjini Eatonton, Georgia. Alipokuwa kijana, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alifanya kazi ya uchapaji katika shamba la Turnwold, na huko akawasikiliza watumwa wakisimulia. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti mjini Atlanta, na mwaka 1880 akachapisha kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo. Si haki kumnyima Harris sifa anayostahili, kwani alihifadhi hadithi nyingi ambazo pengine zingepotea. Lakini alizitia katika kinywa cha mzee wa kubuni, Uncle Remus, mtu Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye hana kinyongo na siku za utumwa. Naye mzee huyo humsimulia mtoto mdogo wa kizungu. Hivyo basi fanani alibadilishwa, na hadhira ikabadilishwa pia. Hadithi ilibaki, lakini sasa ilikuwa ikimfurahisha mtoto wa nyumba ile ile ambayo zamani ilisimuliwa dhidi yake.

Mwandishi Alice Walker, ambaye naye alizaliwa Eatonton, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba Harris alikuwa amemwibia sehemu ya urithi wake. Alieleza kwamba, kwa sababu ya mzee yule wa kubuni, hadithi za nyumbani kwao zilimtia aibu.

Filamu ya mwaka 1946

Tarehe 12 Novemba 1946 filamu ya Disney iitwayo Song of the South ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta. Uncle Remus aliigizwa na James Baskett. Mwigizaji huyo hakuhudhuria sherehe za filamu yake mwenyewe, kwa kuwa Atlanta ya wakati huo ilikuwa na sheria za kuwatenga watu Weusi na weupe. Mwaka 1948 alipewa tuzo maalumu ya Oscar, na mwaka huo huo akafariki dunia.

Malalamiko hayakuanza mwaka 2020, kama baadhi ya watu walivyodhani. Mwezi huo huo wa Novemba 1946, Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP kilichotetea haki za Wamarekani Weusi, aliisifu filamu kwa ufundi wake lakini akasikitika kwamba ilichora uhusiano wa bwana na mtumwa kana kwamba ulikuwa wa raha na mapenzi. Waandamanaji walisimama nje ya ukumbi wa sinema mjini New York wakiwa na mabango. Pamoja na hayo, kampuni iliirudisha filamu hiyo kwenye kumbi katika miaka ya 1956, 1972, 1980 na 1986. Baada ya hapo haikuoneshwa tena katika kumbi za Marekani, wala haikuwahi kuuzwa huko kwa kanda au diski za kutazamia nyumbani.

Tunaomba msomaji aukumbuke mwaka huo wa 1986, kwa sababu mlima wetu ulifunguliwa miaka mitatu tu baadaye.

Mlima wa maji

Mwaka 1983 Tony Baxter, mbunifu wa michezo ya Disney, alipata wazo la mchezo wa mitumbwi utakaotumia wanyama wa filamu ile. Sababu zake zilikuwa za kikazi zaidi. Sehemu moja ya bustani ya Disneyland, California, ilikuwa haina wageni wa kutosha. Aidha, onyesho jingine lililoitwa America Sings lilikuwa na vinyago vingi vya wanyama ambavyo vingeweza kutumiwa tena. Mchezo ulifunguliwa California mwezi Julai 1989, na mwaka 1992 michezo mingine miwili ya namna hiyo ikafunguliwa Florida na Tokyo, Japani.

Wabunifu walijua kwamba filamu ilikuwa na doa. Kwa hiyo walimwondoa Uncle Remus kabisa; hakuonekana mahali popote mlimani. Walikiondoa pia kinyago cha lami, maana jina lake lilikuwa limegeuka kuwa tusi kwa watu Weusi, na badala yake Sungura alinaswa katika asali ya mzinga wa nyuki. Hapa historia inatutania kidogo. Unguja kuna hadithi maarufu ya Sungura aliyekwenda kula asali ya Simba mtini. Wabunifu waliikimbia lami wakaangukia asali, nayo asali pia ilikuwa ya Sungura tangu zamani.

Kwa istilahi zetu, Harris alimbadilisha fanani, nao wajenzi wa mlima wakamfuta. Ilibaki hadithi isiyo na msimulizi, isiyo na shamba la pamba, isiyo na Georgia wala Afrika. Mtoto aliyepanda mtumbwi mwaka 1995 aliona sungura mcheshi akimkwepa mbweha, akasikia nyimbo, akaporomoka, akalowa, akapigwa picha akipiga kelele. Picha hiyo wazazi wake waliinunua na kuitundika ukutani. Filamu yenyewe hakuweza kuiona hata kama angetaka.

Maombi mawili ya mwaka 2020

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na maandamano yakaenea Marekani nzima. Watu walianza kuuliza juu ya sanamu za majenerali, majina ya shule na alama nyingine za enzi ya utumwa. Mwezi Juni ombi lilisambazwa kwenye intaneti kuitaka Disney iuvike mlima ule hadithi ya The Princess and the Frog, filamu ya mwaka 2009 kuhusu Tiana, msichana Mweusi wa New Orleans na binti mfalme Mweusi wa kwanza katika filamu za kampuni hiyo. Zaidi ya watu 20,000 walitia saini. Upande wa pili ukaandaa ombi lake la kuunusuru mlima, nalo likapata saini za makumi ya maelfu ya watu. Tarehe 25 Juni 2020 kampuni ilitangaza kwamba mabadiliko yatafanyika, ikaongeza kuwa mpango huo ulikuwa ukishughulikiwa tangu mwaka 2019.

Wapenzi wa mchezo waligawanyika. Wapo waliofurahi. Miongoni mwao walikuwamo wazazi Weusi waliosema kwamba wameingia katika bustani zile miaka mingi bila ya kuona mchezo mmoja mkubwa uliojengwa juu ya mtu anayefanana na binti zao. Wapo waliosema mlima uachwe kama ulivyo, kwa kuwa haukuwa na ubaya wowote ndani yake. Wapo waliompenda Tiana lakini wakataka ajengewe mchezo wake mpya kabisa, wasitake arithi nyumba ya mwingine. Tena wapo waliotumia nafasi hiyo kutoa matusi ya ubaguzi, na hatuna haja ya kuwatetea.

Kilio kilikuwa cha nini?

Ni rahisi kusema kwamba kila aliyelia aliulilia utumwa. Historia ya bustani hizi haituruhusu kusema hivyo. Wapenzi wamewahi kupinga mabadiliko ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na rangi ya mtu. Mwaka 1998, hapo hapo Florida, mchezo wa Mr. Toad's Wild Ride, ambao mhusika wake mkuu alikuwa chura mwendesha gari, ulifungwa ili kumpisha Winnie the Pooh. Wapenzi wa chura huyo walivaa fulana zenye maandishi ya kupinga na wakakusanyika bustanini. Mwaka 2014 ulifungwa mchezo wa Maelstrom, uliosimulia habari za Norwe, ili kuipisha filamu ya Frozen, na kelele zilisikika vile vile. Wahenga wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu huupenda mkeka wake kwa sababu ameukalia na watu wake.

Kwa hiyo tunasema kwamba wengi walililia kumbukumbu zao: baba aliyekaa mbele ya mtumbwi, dada aliyefunga macho, likizo ya mwisho kabla ya mama kuugua. Kumbukumbu hizo ni za kweli na mwenye nazo hakosei kuzililia.

Hata hivyo, lazima tuseme na upande wa pili. Waliodai kwamba mlima haukuwa na ubaya walisema hivyo kwa sababu ubaya ulikuwa umefichwa wasiuone. Hawakumwona Uncle Remus kwa kuwa aliondolewa. Hawakuiona filamu kwa kuwa iliwekwa kabatini. Kampuni ilikuwa imeuza tunda kwa zaidi ya miaka thelathini huku ikiuficha mti wake, kisha ilipobidi kusema mti ni upi, wanunuzi wakashangaa na kukasirika. Tusiwalaumu kwa kutojua. Lakini asiyejua asili ya kitu hawezi kuwa shahidi kwamba kitu hicho hakina doa.

Tiana na mlima wake

Mchezo mpya, Tiana's Bayou Adventure, ulifunguliwa Florida tarehe 28 Juni 2024 na California mwezi Novemba mwaka huo huo. Mfereji ni ule ule na maporomoko ni yale yale. Abiria sasa hupita katika vinamasi vya Louisiana, ambako Tiana anatafuta wanamuziki kwa ajili ya sherehe za Mardi Gras. Mhusika huyu naye ana asili yake. Waliomuumba walivutiwa na maisha ya Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans aliyefariki mwaka 2019, ambaye mkahawa wake uliwapokea wapigania haki za Wamarekani Weusi wakati ambapo watu Weusi na weupe walikatazwa kula pamoja.

Mara tu mchezo ulipofunguliwa, hadhira ilisema tena. Wengi walivisifu vinyago vipya, hasa namna nyuso zao zinavyojongea. Wengine walilalamika kwamba hadithi ni nyepesi, kwamba adui wa Tiana katika filamu, yule mganga Facilier, hayumo, na kwamba maporomoko yamekosa sababu. Hoja hii ya mwisho ni ya kifasihi kabisa. Katika hadithi ya zamani mtumbwi uliporomoka wakati Sungura anatupwa miibani, na hofu ya abiria ikawa ni hofu yake. Mhusika asipokuwa hatarini, anguko linabaki kuwa maji tu. Mtu anaweza kuyaunga mkono mabadiliko kwa moyo wote na bado akaona kwamba msuko umelegea.

Sungura yuko wapi?

Tumesoma na kusikiliza mengi kuhusu ugomvi huu, na jambo moja limetugusa. Upande mmoja ulisema mlima ubaki kwa ajili ya utoto wetu. Upande mwingine ulisema ubadilishwe kwa sababu ya Uncle Remus. Ni wachache waliouliza juu ya Sungura mwenyewe na juu ya watumwa waliomsimulia. Harris alimbadilisha fanani, mlima ukamfuta, na mwaka 2023 hadithi nayo ikaondolewa. Kosa lilikuwa la waliomtia Sungura katika nyumba isiyo yake, lakini aliyetolewa nje ni Sungura pamoja na nyumba.

Hatusemi kwamba mchezo ungeachwa kama ulivyokuwa. Kwa maoni yetu, kampuni ilikuwa na haki ya kuachana na filamu ile, na ilichelewa. Tunachosema ni kwamba kulikuwa na njia nyingine ambayo Wamarekani Weusi wenyewe walikuwa wameshaionesha. Zora Neale Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji uliosajiliwa mwaka 1887 na kuongozwa na watu Weusi wenyewe. Alirudi huko akiwa msomi, akakaa barazani na majirani zake, akaandika walivyosimulia, na kuchapisha kitabu cha Mules and Men mwaka 1935. Ndani yake Sungura yumo, nao wasimulizi wamo, wakitaniana, wakikatizana na kubishana. Mwaka 1987 Julius Lester, naye Mmarekani Mweusi, alizisimulia upya hadithi zile zile za Harris akiwa amemwondoa mzee mtumwa na mtoto wa bwana. Eatonville haiko mbali na Magic Kingdom. Kwa gari ni mwendo usiozidi saa moja au zaidi kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini mlima wa Sungura ulisimama karibu na mji huo, lakini hadithi yake ilitolewa katika filamu ya Atlanta.

Hitimisho

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hupewa kazi ya kwenda nyumbani kukusanya hadithi. Wengi hurudi na hadithi nzuri, lakini chini ya ukurasa hawakuandika nani aliyesimulia, wapi, kwa nani, na baada ya tukio gani. Tukiwauliza hujibu kwamba bibi amesimulia, yatosha. Haitoshi. Kisa cha Splash Mountain kinatuonesha kinachotokea fanani akishasahauliwa. Hadithi inaweza kuhama kutoka kinywa hadi kitabu, kutoka kitabu hadi sinema, kutoka sinema hadi mfereji wa maji, ikapendwa na mamilioni, na bado siku ikiondolewa asitokee hata mmoja wa kuuliza wenyewe ni akina nani.

Mwacha asili ni mtumwa, husema methali yetu. Katika kisa hiki waliokuwa watumwa hawakuiacha asili; waliibeba hadi ng'ambo, wakailinda na kuwarithisha watoto wao. Walioiacha ni waliokuja kuirithi wakiwa huru. Basi tunawaomba wanafunzi wetu wa mwaka huu, watakapokwenda likizo na kuitikia "hadithi njoo" mbele ya bibi zao, waandike kwanza jina la bibi, kisha ndipo waandike Sungura alifanya nini.